Pikeville: Mji Uliouhamisha Mto

Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa jimbo la Kentucky nchini Marekani, ardhi tambarare ni mali adimu kuliko makaa ya mawe. Milima imesimama bega kwa bega, na katikati yake kuna mabonde membamba ambamo mto, reli, barabara na nyumba za watu hugombania nafasi. Mji wa Pikeville, makao makuu ya Kaunti ya Pike, ulianzishwa katika miaka ya 1820 ndani ya bonde la namna hiyo. Mto Levisa, ambao ni tawi la Big Sandy, ulishuka kutoka milimani, ukaufikia mji, ukauzunguka karibu pande zote kama kamba shingoni mwa mbuzi, kisha ukaendelea na safari yake kuelekea Mto Ohio. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji yaliingia sebuleni.

Leo mto huo haupiti tena pale. Wenyeji waliupasua mlima, wakapitisha mto, reli na barabara kuu kwenye upenyo huo mmoja, wakaufukia mkondo wa zamani na kujenga juu yake. Kazi ilianza Novemba 1973 na kumalizika Oktoba 1987, kwa gharama ya karibu dola milioni 80. Mji wenyewe ulikuwa na watu wasiofika 7,000. Hiyo ndiyo habari ninayoisimulia hapa, pamoja na yaliyofuata, maana kupata uwanja ni jambo moja na kujua cha kuujengea ni jambo jingine.

Kabla ya hapo Pikeville haikuwa na makuu. Ilipewa jina la Zebulon Pike, jemadari na mpelelezi wa nchi za magharibi aliyekufa vitani mwaka 1813. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mapema mwaka 1862, kanali mmoja wa jeshi la Kaskazini aliapishwa hapo kuwa brigedia jenerali. Kanali huyo aliitwa James Garfield, na miaka 19 baadaye akawa rais wa Marekani, akapigwa risasi kabla hata mwaka haujaisha.

Lakini aliyeutangaza mji huo kwa kweli ni ugomvi wa koo mbili. Ukoo wa McCoy uliishi upande wa Kentucky, ukoo wa Hatfield upande wa pili wa mto mpakani, West Virginia. Waliuana kwa miaka. Usiku wa Mwaka Mpya wa 1888, watu wa Hatfield waliivamia nyumba ya mzee Randolph McCoy, wakaichoma moto na kuwaua watoto wake wawili. Mzee alihamia Pikeville na waliobaki, akaishi kwa kuvusha watu kwa pantoni mtoni hadi alipokufa mwaka 1914. Mmoja wa washambuliaji, Ellison Mounts, alinyongwa mjini humo Februari 1890. Magazeti ya New York yalishangilia habari hizo, na kuanzia hapo msomaji wa mjini alipolisikia jina la milima hiyo aliona ndevu, bunduki na pombe ya gongo. Sura hiyo ilidumu kwa miaka mia moja, na ilikuwa na faida kwa watu fulani. Anayeonekana mshenzi ni rahisi kumnunulia mali yake kwa bei ya chee.

Mali ilikuwa chini ya miguu yao. Mnunuzi hodari kuliko wote alikuwa mzaliwa wa kaunti hiyohiyo, John C. C. Mayo, mwalimu wa shule aliyesoma jiolojia akaelewa kilichomo ndani ya milima ya jirani zake. Mwishoni mwa karne ya 19 alipita nyumba kwa nyumba akinunua haki za madini. Mkulima alibaki na shamba lake, nyumba yake na kodi yake ya ardhi; mnunuzi alichukua kila kilichokuwa chini, pamoja na ruhusa ya kupita, kukata miti na kuvuruga chochote ili akifikie. Bei ilikuwa dola chache kwa ekari, wakati mwingine pungufu ya dola moja. Wauzaji wengi waliamini wamempata mjinga. Wajukuu wao waliielewa hati ile siku makatapila ya uchimbaji wa wazi yalipopanda kilimani na kuangusha mawe kwenye bustani zao, na mahakama zikasema mwenye hati ana haki. Hali hiyo haikubadilika hadi Novemba 1988, wapiga kura wa Kentucky walipoirekebisha katiba ya jimbo kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Reli ilifika mwanzoni mwa karne ya 20, na makaa yakaanza kutoka. Pikeville haikuwa kambi ya wachimbaji kama vijiji vingi vilivyoizunguka, ambako kampuni ilimiliki nyumba, duka na hata kanisa. Ilikuwa mji wa mahakama, benki na mawakili, na hilo lilikuja kuwa na maana kubwa baadaye. Mgodi ukifungwa, kijiji cha mgodi hufa nao; mji wa mawakili hupungukiwa tu na wateja. Hata hivyo mavumbi waliyavuta wote. Mabehewa ya makaa yalikatiza katikati ya mji, barabara ikifungwa treni ilipopita, na unga mweusi ukitua juu ya nguo zilizoanikwa.

Mwaka 1957 mafuriko makubwa yaliipiga Pikeville na miji mingine ya mashariki ya Kentucky. Miaka mitatu baadaye mji ulipata meya mpya, daktari aitwaye William Hambley. Alikaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 1989. Miaka karibu 30 ni mingi kwa meya yeyote, na mwandishi mwenye tahadhari huwatilia shaka viongozi wasiochoka kutawala. Kwa Hambley nasema muda huo ulikuwa sehemu ya dawa yenyewe, kwa sababu mradi alioufikiria usingeweza kukamilika ndani ya vipindi viwili vya kawaida.

Wazo lenyewe ukiliangalia kwenye ramani ni jepesi ajabu. Mto ulizunguka mji kwa kitanzi, na shingo ya kitanzi hicho ilikuwa mlima mmoja, Peach Orchard. Ukiutoboa mlima pale shingoni, maji yatanyooka, kitanzi kitakauka, na mji utapata ardhi pale ulipokuwa mto. Reli nayo itoke mjini ipite hukohuko. Barabara kuu nazo zipite hukohuko. Tatizo lilikuwa nani alipe.

Hapo ndipo ujanja wa Hambley na wenzake ulipoonekana. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitangaza vita dhidi ya umaskini, na Aprili mwaka huo akaja kukaa barazani kwa mtu asiye na kazi huko Inez, kaunti ya jirani, ili apigwe picha. Mwaka uliofuata Bunge likaunda Tume ya Kanda ya Appalachia, chombo cha serikali kuu na majimbo cha kuendeleza milima hiyo, hasa kwa kujenga barabara. Ukaja pia mpango wa miji ya mfano, uliobuniwa kwa ajili ya mitaa ya mabanda ya miji mikubwa. Pikeville iliomba ikakubaliwa, ikiwa miongoni mwa miji midogo kabisa iliyoingizwa. Hakuna idara hata moja iliyokuwa na fungu la kuhamisha mlima. Lakini wa barabara walitaka barabara inyooke, wa mafuriko walitaka mto udhibitiwe, wa makazi walitaka nyumba ziondoke bondeni, wa reli walitaka njia bora. Hambley aliwaendea mmoja mmoja kwa lugha ya kila mmoja, na idara za serikali zaidi ya 20 zikajikuta zinachangia shimo moja. Aliyewahi kufuatilia kibali katika ofisi mbili tu za serikali ajue hiyo ni kazi ya namna gani.

Baruti ya kwanza ililipuliwa mwaka 1973. Mlima ulikatwa kwa ngazi kutoka juu kushuka chini: wanatoboa mwamba, wanajaza baruti, wanalipua, makatapila yanasukuma, malori yanabeba, kisha wanashuka ngazi moja na kuanza tena. Upenyo uliobaki una urefu wa kilomita 1.1, upana wa takribani mita 400, na kina cha mita 160 hivi. Kifusi kilichotoka ni yadi za ujazo milioni 18, yaani karibu mita za ujazo milioni 14. Lori la kubeba mita kumi kwa mara moja lingehitaji safari milioni 1 na laki 4. Vipeperushi vya utalii husema ni kazi kubwa ya pili ya kuhamisha udongo katika nusu ya magharibi ya dunia, baada ya Mfereji wa Panama. Dai hilo naliacha kwenye vipeperushi. Bwawa la Fort Peck kule Montana peke yake lina udongo mwingi kuliko huo mara kadhaa. Kwa mji wa saizi ya Pikeville, hata hivyo, sijui mfano wake.

Katikati ya kazi mto ulikumbusha kwamba bado uko. Mapema Aprili 1977 mvua kubwa ilinyesha katika mabonde ya Levisa na Tug, ule mto wa mpakani, na maji yakaufunika mji. Msiba huo ulimaliza ubishi. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho ndicho kinachoshughulikia mito ya Marekani, kikaingia kwa nguvu, na fedha zilizokuwa zikisuasua zikapata mkondo. Mto ukageuzwa, kitanzi kikafukiwa kwa kifusi kilekile cha mlimani, na barabara kuu namba 23, 119 na 460 zikapitishwa kwenye upenyo.

Ukisimama leo kwenye kilele cha Bustani ya Bob Amos, unaona kitu chote kwa pamoja. Kuta za mwamba zimeshuka ngazi kwa ngazi, mchanga ulioganda kuwa jiwe la rangi ya kahawia ukipishana na tabaka za kijivu na mistari myeusi. Chini kabisa mto mwembamba, kando yake reli, kando ya reli barabara yenye malori. Ukigeuka upande wa pili, mji: majengo ya hospitali, chuo kilimani, ukumbi mkubwa wa michezo. Bwawa dogo lililobaki ni kipande cha mkondo wa zamani ambacho hakikufukiwa. Mji ulikuwa umepata takribani ekari 400 za ardhi ambayo haikuwapo.

Sasa wapewe sifa wenye makaa pia, maana hadithi hii bila fedha zao ingekuwa fupi. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipandisha bei ya makaa ghafla, na Pikeville ikajaa mamilionea wapya waliokuwa jana na lori moja. Jimbo lilikuwa limeshaanza, mwaka 1972, kutoza kodi kwenye thamani ya makaa yote yaliyochimbwa. Miongoni mwa matajiri hao alikuwemo Paul Patton, aliyeingia siasa akaiongoza kaunti kwa miaka kumi, kisha akawa gavana wa Kentucky kuanzia 1995 hadi 2003. Katika miaka ya 1990 Kaunti ya Pike ilitoa zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka. Kaunti nyingi zenye utajiri wa namna hiyo ziliula zikalala. Nilichokiona cha pekee kwa Pikeville ni kwamba wakati makaa yalipokuwa kileleni, mji ulikuwa unawekeza kwenye vitu viwili ambavyo havina uhusiano wowote na makaa.

Cha kwanza ni hospitali. Ilifunguliwa mwaka 1924 chini ya Kanisa la Methodisti, ikakua taratibu kama hospitali yoyote ya wilaya, kisha ikaanza kujitanua kwenye mji mpya uliopata nafasi. Leo inaitwa Pikeville Medical Center, ina wafanyakazi takribani 3,000, na hakuna mwajiri mkubwa kuliko hiyo katika sehemu hiyo. Watu waliokuwa wakisafirishwa saa mbili na zaidi hadi Lexington kwa upasuaji wa moyo au matibabu ya saratani sasa wanatibiwa karibu na kwao.

Cha pili ni chuo. Wapresbiteri walikianzisha mwaka 1889 kama shule ya watoto wa milimani, na mwanafunzi aliyetaka kukifikia kutoka mjini alipanda ngazi 99, ambazo bado zipo. Kwa zaidi ya miaka mia kilikuwa chuo kidogo kisichojulikana. Halafu wakili mmoja wa mji jirani wa Paintsville, G. Chad Perry, akaanza kampeni ya kupata shule ya madaktari, akitoa fedha zake mwenyewe. Shule ilikuja kuangukia Pikeville na kufunguliwa mwaka 1997. Ni ya udaktari wa osteopathia, ambao nchini Marekani una leseni sawa na udaktari mwingine, na imejikita kuandaa madaktari wa vijijini. Wengi walicheka. Shule ya udaktari milimani, katika mji ambao haukuwa na barabara ya maana hadi juzi?

Jimbo lilitenga sehemu ya kodi ya makaa kuwa ufadhili wa wanafunzi wa Kentucky wanaosomea osteopathia. Kila mwaka wa ufadhili mwanafunzi anaulipa kwa mwaka mmoja wa kutibu ndani ya jimbo. Kwa maneno mengine, makaa yaliyowaharibu wachimbaji mapafu yalilipa karo za madaktari wa kuwatibu. Mwaka 2011 chuo kikawa chuo kikuu chini ya uongozi wa gavana mstaafu Patton, na mwaka huohuo timu yake ya mpira wa kikapu ikatwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo vidogo. Mwaka 2016 ikaongezeka shule ya macho.

Ukumbi wa viti 7,000 ulifunguliwa mjini mwaka 2005. Kwa mji uliokuwa na watu chini ya 7,000 wakati huo, kila mkazi angeweza kupewa kiti chake akaketi. Ulijengwa kwa hesabu kwamba watu wa kaunti zote za jirani, hata wa West Virginia na Virginia, watakuja kwa matamasha, nao wanakuja. Hapa muziki si jambo la kubabaisha: Dwight Yoakam na Patty Loveless, nyota wawili wakubwa wa muziki wa kantri, wote walizaliwa Pikeville, na barabara namba 23 imepewa rasmi jina la muziki huo.

Hata ile sura ya ndevu na bunduki iligeuzwa mtaji. Tangu 1977, kila Aprili, mji hufanya tamasha la Hillbilly Days, lililoanzishwa na wanaume wawili wa chama cha Shriners ili kuchangia hospitali ya watoto ya chama hicho. Jina lenyewe ni tusi wanalotukanwa watu wa milimani. Wenyewe huvaa suruali zilizochanika, kofia zilizotoboka, hupanda magari mabovu yaliyopambwa na kuandamana mitaani, na umati unaozidi watu 100,000 huja kuwatazama. Wapo wasiopenda, wakisema ni kujidhalilisha kwa senti. Mimi niko upande wa waandamanaji. Mwaka 2003 wazao wa Hatfield na McCoy walitia saini mkataba wa amani hapo Pikeville, na mwaka 2012 filamu ya televisheni kuhusu ugomvi huo aliyocheza Kevin Costner ilipotoka, watalii walimiminika kwenye makaburi ya Dils kumtafuta mzee Randolph.

Kisha makaa yakaanguka. Yalishawahi kuanguka na kuinuka, na kila mchimbaji mzee alikuwa na kumbukumbu ya miaka mibaya iliyopita. Safari hii hayakuinuka. Gesi ya bei nafuu iliyotoka kwenye miamba ya shale ilichukua nafasi yake kwenye mitambo ya umeme. Makaa ya Wyoming, yanayochotwa kwa koleo kubwa juu ya ardhi, yalikuwa rahisi zaidi. Sheria za hewa safi zilikazwa. Na matabaka mazuri ya Kentucky yalikuwa yamekwisha kuliwa. Mwaka 2011 mashariki mwa Kentucky palikuwa na ajira za makaa zaidi ya 13,000. Kufikia mwisho wa 2016 zilikuwa chini ya 4,000. Zaidi ya theluthi mbili za ajira hizo zilipotea ndani ya miaka mitano.

Hapo ndipo dunia ilipokuja na majibu yake. Wafanyabiashara wawili wa makaa, Rusty Justice na Lynn Parrish, walianzisha kampuni ya programu za kompyuta, BitSource, ndani ya kiwanda cha zamani cha kujaza soda za Coca-Cola. Watu zaidi ya 900 waliomba, takribani kumi wakachukuliwa, wengi wao waliotoka migodini, na wanahabari wa nchi nzima wakaja kupiga picha mchimbaji mbele ya kompyuta. Kampuni ilifanya kazi kweli na heshima yake inastahili. Lakini kati ya kumi na zaidi ya mia tisa kuna watu wengi waliorudi nyumbani, na picha zile hazikuwaonyesha.

Miradi mingine haikufika hata hapo. Desemba 2017 gavana wa wakati huo, Matt Bevin, alitangaza kiwanda cha betri cha kampuni ya EnerBlu, cha mamia ya mamilioni ya dola na ajira 875, kwenye uwanja wa viwanda uliotengenezwa juu ya mgodi wa zamani. Mwanzoni mwa 2019 mwekezaji alijitoa na mradi ukafa. Mwaka 2017 pia kampuni ya AppHarvest ilitangaza ingejenga hapo banda kubwa mno la kioo la kulima nyanya. Ikabainika ardhi iliyochimbuliwa na kurudishiwa kifusi haijatulia vya kutosha kubeba jengo la ukubwa huo, banda likahamishiwa Morehead, na mwaka 2023 kampuni ikafilisika. Kwa hiyo kaunti iliyopata tambarare mpya kwa kukata vilele vya milima yake iligundua kwamba si kila tambarare inajengeka. Kiwanda cha SilverLiner, kinachotengeneza matangi ya malori ya mafuta, ndicho kilichoshika mizizi kwenye uwanja ule. Ni cha wastani tu, hakijavutia kamera nyingi, na kinalipa mishahara.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kuisifu Pikeville hulipita haraka. Dawa za maumivu ziliingia milima hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, zikawakuta watu ambao migongo yao ilikuwa imevunjwa na kazi ya mgodi. Kampuni ya Purdue iliinadi OxyContin kwa madaktari kama dawa ambayo hatari yake ya uraibu ni ndogo. Mwaka 2007 jimbo la Kentucky liliishtaki Purdue, na kesi ikafunguliwa katika mahakama ya Kaunti ya Pike. Ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015 kwa dola milioni 24, bila kampuni kukiri kosa. Nyaraka zake zilifungiwa, hadi jaji wa hapohapo alipoamuru mwaka 2016 zifunguliwe. Baada ya rufaa ndefu ziliwekwa wazi mwaka 2019, na dunia ikasoma ushahidi wa Richard Sackler, mmoja wa wamiliki.

Watu waliojeruhiwa namna hiyo hutembelewa na wengi wenye dawa za uongo. Aprili 2017 makundi ya wazungu wenye siasa za Kinazi yalichagua Pikeville kuandamana, yakitaraji kuungwa mkono na watu maskini na karibu wote weupe. Siku ilipita bila damu, na wenyeji hawakujiunga. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alikijenga kitabu chake cha mwaka 2024 juu ya mji huu na siku ile.

Hesabu ya mwisho isomwe kwa pande mbili. Sensa ya 2010 iliikuta Pikeville na watu 6,903. Ya 2020 iliikuta na zaidi ya 7,700. Katika milima ambako karibu kila mji unapungua, hilo ni jambo la kuandikwa. Lakini Kaunti ya Pike, iliyokuwa na watu zaidi ya 81,000 mwaka 1980, ilibaki na pungufu ya 59,000. Mji ulikua ndani ya kaunti inayokauka. Muuguzi anayeendesha gari kila asubuhi kutoka kijiji kilichofungwa shule yake anafanya kazi mjini, na mara nyingi mwishowe huhamia huko. Hospitali inaishi kwa bima za serikali za wazee na maskini, na wagonjwa wake wengi ni walewale waliochimba. Nikiulizwa kama Pikeville imefanikiwa nitasema ndiyo, bila kigugumizi. Nikiulizwa kama imeiokoa kaunti yake nitasema hapana, na sidhani mji mmoja ungeweza.

Wanaosema mji ulijiokoa wenyewe wanasahau kwamba dola nyingi za ule upenyo zilitoka Washington. Wanaosema serikali ndiyo iliyouokoa wanasahau kwamba fedha hizohizo zilikuwa wazi kwa miji mingine mingi ya Appalachia, na mingi iliziomba vipande vipande, daraja hapa, bomba pale, bila meya aliyejua kwa miaka 30 anachokitaka.

Julai 2022 mvua ilinyesha tena mashariki mwa Kentucky. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao katika kaunti za Knott, Breathitt, Perry na Letcher, ndani ya mabonde membamba ambamo nyumba na kijito hugawana tambarare moja. Gavana Andy Beshear aliamua waathirika wajengewe vitongoji vipya kwenye ardhi ya juu, baadhi yake juu ya migodi iliyofungwa. Ujenzi ulianza mwaka 2023, miaka 50 baada ya baruti ya kwanza ya Peach Orchard.